USITUPE ILE PAKITI YA KUKU: NAMBA YAKE INA KAZI

  Kwa kawaida hapa huwa tunazungumza juu ya presha, sukari na chanjo za watoto. Leo naomba mnivumilie, maana nataka tuzungumze juu ya kompyuta za wakaguzi wa nyama ya kuku. Najua wapo watakaosema, "Nesi leo kaishiwa mada." Sijaishiwa. Soma mpaka mwisho, halafu kabla hujalala nenda kafungue friji yako uitazame vizuri ile pakiti ya kuku uliyonunua.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni muuguzi, umri wangu umeshavuka arobaini. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, kisha nikasoma tena hapa Marekani ili nipate leseni. Kule nilifanya kazi na lile daftari la shule ambalo mgonjwa analinunua dukani, anaandika jina lake juu, na analibeba mwenyewe kila akija kliniki. Likilowa na mvua au panya wakilitafuna, historia yake yote imekwenda. Hapa nafanya kazi na kompyuta ambayo hainiruhusu kumpa mgonjwa hata kidonge kimoja mpaka nimeandika. Nimeishi pande zote mbili, ndiyo maana jambo hili la kumbukumbu linanigusa.

KILICHONIFANYA NIANDIKE

Mwaka jana, mwishoni mwa majira ya joto, mama mmoja wa jumuiya yetu alinipigia simu saa tano usiku. Jina lake nalihifadhi, na yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa na homa kali, anaharisha, na kwenye choo mnaonekana damu. Mtoto huyu ana selimundu. Nikamwambia, "Mama, usisubiri asubuhi. Mvalishe mtoto uende hospitali sasa hivi."

Ikaonekana ni salmonela. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, bakteria huyu huleta kuhara, homa na tumbo kukata kwa siku nne mpaka saba, halafu wengi hupona wenyewe. Lakini kwa watoto wadogo, wazee, na wale ambao kinga yao ni dhaifu, habari ni nyingine. Na kwa mtoto mwenye selimundu, salmonela ana tabia ya kuingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye mfupa. Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alipata maambukizi kwenye mfupa wa mguu, akawa anapewa dawa za mshipa kwa wiki kadhaa. Namshukuru Mungu amepona, ingawa kwa miezi kadhaa alikuwa anachechemea.

Siku chache baadaye afisa wa afya wa kaunti akampigia mama simu. Hiyo ni kawaida hapa: maabara ikimpata mtu na salmonela, taarifa hupelekwa kwa idara ya afya. Afisa akauliza, mtoto alikula nini siku saba kabla ya kuugua? Mlinunua wapi? Mna risiti? Pakiti bado ipo? Mama akajibu alivyoweza. Mayai, maziwa, tikitimaji, na kuku. Kuku yule alitoka kwa kaka mmoja ambaye kila baada ya wiki mbili alikuwa analeta kuku wa kienyeji waliochinjwa halali, kwenye maboksi ya barafu nyuma ya gari lake. Walikuwa kwenye mfuko mweupe wa plastiki uliofungwa fundo, hauna lebo, hauna tarehe, na risiti hakuna. Afisa alipouliza jina la muuzaji, mama akasema halijui. Aliniambia baadaye, "Dada, ningemtajaje ndugu yetu kwa serikali?"

Sasa sikilizeni na aibu yangu. Kwenye friza yangu mimi walikuwamo kuku wawili wa kaka huyo huyo, wa siku ile ile. Niliposikia habari ya mtoto niliogopa, nikawachukua wote wawili na kuwatupa kwenye pipa la taka la nje. Nilidhani nailinda familia yangu. Ilichukua siku tatu kabla sijaelewa nilichofanya. Ushahidi pekee uliokuwa umebaki, ambao maabara ingeweza kuupima na kusema ndiyo au hapana, mimi muuguzi ndiye niliyeutupa.

Mpaka leo hatujui kama ni kuku wale. Huenda walikuwa mayai. Huenda lilikuwa tikitimaji. Yule kaka watu walimnong'ona, wateja wakamkimbia, akaacha biashara. Kama hakuwa na kosa, hakuwa na hata karatasi moja ya kujitetea nayo. Na kama kosa lilikuwa kwake, hatujui ni familia ngapi nyingine zilikula. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii ilipotea afya ya mtoto, na riziki ya mtu.

FAILI LA KUKU LINAVYOTENGENEZWA

Wengi wetu tunadhani ukaguzi wa nyama ni ule mhuri tu. Nyumbani tumezoea kuona mhuri wa rangi kwenye paja la ng'ombe bucha, tunajua bwana afya amepita. Kuku wengi kule tunawanunua wazima sokoni, tunawachinja wenyewe au tunachinjiwa pale pale, na mkaguzi ni macho ya mama mwenye nyumba. Hapa Marekani ni tofauti, na ni vizuri uelewe unacholipia kodi.

Sheria ya kukagua nyama ya ng'ombe na wanyama wengine hapa ni ya mwaka 1906. Ya kuku ikaja mwaka 1957. Kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Kilimo, ambayo kifupi chake ni USDA, na ofisi yake ya ukaguzi inaitwa FSIS. Wakaguzi wake wanakuwa ndani ya machinjio. Kuku wanapofika kwenye makreti, mkaguzi anawatazama kundi kwa kundi kabla hawajachinjwa. Waliokufa njiani wanahesabiwa na hawaruhusiwi kuwa chakula. Baada ya kuchinjwa na kunyonyolewa, mizoga inapita mbele ya mkaguzi. Inayokataliwa inaandikwa ni mingapi na kwa sababu gani: maambukizi yaliyoenea kwenye damu, mifuko ya hewa iliyovimba, uvimbe, michubuko, kuku ambaye hakutoka damu vizuri.

Zamani hesabu hizo zilikaa zaidi kwenye makaratasi. Kuanzia mwaka 2011 FSIS ikaanza kutumia mfumo wa kompyuta unaoitwa PHIS, maana yake kwa Kiswahili ni kama Mfumo wa Habari za Afya ya Jamii. Mkaguzi anaingiza humo kila kazi aliyopangiwa: ameifanya au hakuifanya, ameona nini, kiwanda kimekiuka nini na kimejibu nini. Sampuli za kuku zinazopelekwa maabara kupimwa salmonela, majibu yake nayo yanaunganishwa na kiwanda kile kile. Kwa hiyo mkuu wa wakaguzi aliyekaa mbali anaweza kuona kwamba kiwanda fulani kimeandikiwa kosa la aina moja mara nne ndani ya miezi miwili, jambo ambalo kwenye rundo la makaratasi lingechukua muda mrefu kugundulika.

Mimi naliona hilo kama chati ya homa ya mgonjwa. Homa moja ya nyuzi 38 si habari kubwa. Lakini ukiziona kwenye mstari mmoja kila jioni kwa siku tano, unajua kuna kitu.

Mbali na faili la serikali, kiwanda chenyewe nacho kina faili lake. Kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 1996, kila kiwanda lazima kiwe na mpango wa kutambua hatari na kuzidhibiti, na kiandike vipimo vyake. Kanuni inasema kila kipimo kiandikwe wakati kinapopimwa, pamoja na tarehe, saa, na sahihi au herufi za jina la aliyepima. Kompyuta inaruhusiwa mradi kuwe na njia ya kuhakikisha kwamba hakuna atakayebadilisha kilichoandikwa au kutia sahihi ya mwenzake. Kabla mzigo haujatoka, kumbukumbu zake lazima zipitiwe. Na za nyama mbichi ya baridi zinatunzwa si chini ya mwaka mmoja, za nyama ya kugandishwa si chini ya miaka miwili.

Mlango wa kuingilia kwenye mafaili yote hayo ni ile namba iliyo kwenye pakiti yako. Tafuta alama ya duara ya ukaguzi ya USDA. Ndani yake, au mahali pengine kwenye pakiti, utaona herufi P na tarakimu. Hiyo ndiyo namba ya kiwanda. Tovuti ya FSIS ina orodha ambayo ukiitafuta namba hiyo utaona jina la kiwanda na mji kilipo. Walioko Uingereza na nchi za Ulaya, ninyi angalieni alama yenye umbo la yai, ina herufi za nchi na namba ya machinjio.

PAKITI MOJA ILIVYOFANYA KAZI

Huenda unajiuliza, nesi, mimi mbeba boksi, pakiti yangu moja itasaidia nini kwenye nchi kubwa namna hii? Nikupe mfano ambao uko kwenye kumbukumbu za serikali yenyewe.

Kuanzia Machi 2013 watu walianza kuugua salmonela wa aina ya Heidelberg. Mlipuko ulidumu mpaka Julai 2014, na watu 634 katika majimbo 29 na Puerto Rico walihesabiwa. Wachunguzi wa magonjwa waliuhusisha na kuku wa kampuni ya Foster Farms ya California. Pamoja na hayo, kwa zaidi ya mwaka mzima kampuni yenyewe haikurudisha nyama yake mbichi kutoka madukani kwa ajili ya mlipuko huo. Ilirudishwa mwanzoni mwa Julai 2014.

Kwa nini ilichelewa? FSIS ilieleza kwamba ili bidhaa irudishwe ilihitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni nyama ya mgonjwa mwenyewe iliyobaki, ikipimwa ikutwe na bakteria yule yule aliyemwuguza. Cha pili ni pakiti inayoonyesha kiwanda gani na tarehe gani. Cha tatu ni kumbukumbu za kuonyesha mzigo ulivyosafiri kutoka kiwandani mpaka pale mgonjwa aliponunua. Wagonjwa walikuwa mamia, lakini vitu vyote vitatu kwa pamoja havikuwa vimepatikana. Vilipatikana kwa mgonjwa mmoja wa California aliyeugua Mei 2014. Mtu mmoja tu, ambaye nyama yake ilikuwa bado ipo na lebo yake inasomeka.

Sasa hesabu vile vitu vitatu kwa upande wa mtoto wetu. Nyama niliitupa mimi. Pakiti haikuwahi kuwapo. Kumbukumbu za mzigo zilikuwa kichwani mwa kaka mmoja, na kaka huyo hakuna aliyetaka kumtaja. Kompyuta ya serikali hata ingekuwa nzuri namna gani, ingeanzia wapi?

KOMPYUTA SI MGANGA

Sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Zipo sababu za kutoiamini kompyuta moja kwa moja, nami nazikubali.

Kwanza, mhuri hausemi kwamba kuku hana salmonela. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema pakiti moja kati ya 25 za kuku madukani ina bakteria huyo. Kuku mbichi anaweza kuwa na salmonela na bado akauzwa kihalali. Mwaka 2024 Wizara ya Kilimo ilipendekeza kanuni kali zaidi kuhusu salmonela kwenye kuku mbichi, lakini Aprili 2025 pendekezo hilo likaondolewa. Kwa hiyo kazi ya kumwua bakteria imebaki jikoni kwako.

Pili, kompyuta haioni. Inaandika kile ambacho jicho limeona, na jicho lina kikomo. Kwa moja ya taratibu za siku nyingi, mkaguzi mmoja alitakiwa asipitiwe na kuku zaidi ya 35 kwa dakika. Kwa utaratibu mpya uliopitishwa mwaka 2014, kwa viwanda vilivyouchagua, wafanyakazi wa kiwanda ndio wanaotoa mizoga mibaya kwanza, na mkaguzi wa serikali anakaa mwishoni mwa mstari unaoweza kwenda kuku 140 kwa dakika. Hao ni zaidi ya wawili kwa sekunde moja. Mimi hospitalini nikipewa wagonjwa wengi kupita kiasi, chati yangu itajaa vizuri, lakini msiniulize kama niliwatazama wote usoni. Faili safi haliwezi kufidia upungufu wa watu, na hilo tuna haki ya kuliuliza serikalini kama walipa kodi.

Tatu, kompyuta inaamini kila inachoambiwa. Ukiiambia uongo, itautunza uongo huo miaka miwili pamoja na saa na dakika yake.

Wapo watu wanaochukua sababu hizi tatu na kusema basi heri turudi kwa kuku wa mfuko mweupe, angalau muuzaji tunamjua. Hapo ndipo ninapokataa. Kumjua mtu ni jambo jema, lakini kumjua si kumpima. Yule kaka tulimjua wote, tulimpenda, na kujuana kwetu hakukumsaidia mtoto wala hakukumsaidia yeye. Kasoro za mfumo nazijua kwa sababu zimeandikwa, na kilichoandikwa unaweza kukidai kirekebishwe. Kwa mfuko mweupe utadai nini?

KWA NINYI MNAOFANYA KAZI VIWANDANI

Najua wasomaji wengi, hasa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi, mnafanya kazi kwenye viwanda vya kuku. Ninyi si walaji tu katika habari hii. Kuna siku ni ninyi mnaoshika kalamu.

Kijana mmoja, mzaliwa wa Kivu, ambaye ananiita dada ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, alikuja kwangu Jumapili moja akiwa na mawazo. Kazini amepewa kompyuta ndogo ya mkononi, kila saa anapima joto la maji ya kupozea kuku na kuliingiza. Siku moja alipelekwa kusaidia sehemu nyingine, akakosa vipimo viwili. Aliporudi msimamizi akamwambia, "Jaza tu, weka kama ya saa iliyopita." Akaniuliza, "Dada, nifanye nini? Hii ni uongo, lakini kazi naitaka."

Nilimwambia kile nilichofundishwa nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, na nikafundishwa tena hapa kwa lugha nyingine: andika ulichofanya, wakati ulipokifanya, na kama hukufanya andika kwamba hukufanya. Kipimo kilichokosekana ni kosa dogo linaloweza kuelezwa. Kipimo cha kubuni ni kughushi, na jina lililo chini yake ni lako, si la msimamizi. Kama maji yalipanda joto katika saa hizo mbili, kompyuta itasema wewe uliyaona na yalikuwa sawa.

Aliandika "sikupima" mara mbili. Sitawadanganya kwamba alipongezwa. Alihamishwa kwenda kwenye kutundika kuku hai, kazi ambayo waliowahi kuifanya mnajua ilivyo, na mpaka leo yuko huko. Nilijilaumu. Nilipomwomba radhi akaniambia, "Dada, watoto wangu nao wanakula kuku." Nami sina la kuongeza hapo.

Ninachowaomba ni hiki. Ukiambiwa ujaze usichokiona, omba maagizo hayo kwa maandishi. Mara nyingi anayekuagiza atajirudi. Jua kwamba mkaguzi wa serikali yumo ndani ya jengo na unaweza kusema naye. Kama lugha inakushinda, usitie sahihi kwenye ukurasa usiouelewa. Omba mkalimani, au mwombe mwenzako akusomee kwanza. Na usimwachie mtu mwingine namba yako ya siri ya kuingilia kwenye kompyuta, hata akiwa ndugu.

KWA MUUZAJI NA MNUNUZI WA KUKU WA KIENYEJI

Sisemi msile kuku wa kienyeji, wala sisemi muache kuchinja halali. Sheria ya hapa inawatambua wanaochinja kwa masharti ya dini, na inampa nafasi mkulima mdogo: anayefuga na kuchinja kuku wake mwenyewe wasiozidi 1,000 kwa mwaka anaweza kuuza bila mkaguzi kukaa pale, kwa masharti ya usafi na kumbukumbu. Majimbo nayo yana kanuni zao, mengine ni makali zaidi, kwa hiyo uliza jimboni kwako kabla hujaanza kuuza.

Lakini bismillahi na daftari havigombani. Kama unawauzia watu kuku, hata kumi kwa mwezi, fungua daftari, au ukurasa kwenye simu yako. Andika tarehe ya kuchinja, shamba walikotoka, idadi, waliokuwa wagonjwa au kufa njiani, na nani kachukua wangapi. Bandika kwenye kila mfuko kikaratasi chenye tarehe na namba yako ya simu. Ni kazi ya dakika kumi. Siku yakitokea ya kutokea, utaweza kuwapigia wateja wako wote kwa saa moja na kuwaambia wasile. Na kama kosa si lako, daftari ndilo litakalokutetea.

Na wewe mnunuzi, ukikuta kuku hana kikaratasi, uliza. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka yule mama na saa yake ya tano usiku.

SASA NYUMBANI KWAKO

Naomba uanze na haya, wiki hii hii.

Ukifungua pakiti ya kuku, ipige picha kwa simu kabla hujaitupa. Picha ionyeshe namba ya kiwanda, tarehe, na jina la duka. Ukiwagawa kuku kwenye mifuko ya friza, andika namba hiyo na tarehe juu ya kila mfuko kwa kalamu ya wino usiofutika. Risiti nayo ipige picha.

Usimwoshe kuku mbichi kwenye sinki. Najua, najua, tumelelewa na ndimu na maji mengi. Lakini maji yanarusha bakteria kwenye kachumbari, kwenye vyombo na kwenye bomba. Kama ni ndimu kwa ajili ya harufu, mkamulie ndani ya bakuli bila kumwosha, kisha uoshe mikono kwa sabuni.

Nunua kipimajoto cha nyama. Kuku ameiva akifika nyuzi 165 za Farenhaiti, yaani 74 za Selisiasi, ukipima sehemu nene kabisa na usiguse mfupa. Rangi ya nyama inadanganya.

Mtu akiugua kuhara na homa, usikitupe chakula kilichobaki. Kifunge vizuri, kiandike USILE, kiweke friza mbali na vingine. Choo chenye damu, homa kali, dalili za kuishiwa maji mwilini, mtoto mchanga, mzee, mjamzito, au mtu mwenye selimundu: nenda hospitali, usimpigie nesi wa jumuiya saa tano usiku kwanza. Na usianze vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini, waache wapime choo.

Afisa wa afya akikupigia simu, mjibu. Kazi yake ni kutafuta ugonjwa ulikotoka, yeye si mtu wa uhamiaji. Kama Kiingereza hakitoshi, omba mkalimani wa Kiswahili. Mtaje muuzaji. Kumtaja si kumchoma, ni kumpa nafasi ya kusikilizwa, na ni kumkinga mtoto wa jirani ambaye kuku wake bado yuko kwenye friza.

Mimi niliwatupa wangu. Tangu siku ile, kwenye simu yangu kuna picha za pakiti za kuku kuliko picha za harusi, na watoto wangu wananicheka. Wacha wacheke.

Kwa leo niishie hapa. Maoni haya ni yangu mwenyewe kama muuguzi na mwanajumuiya, na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Nawatakia afya njema na mapishi mema.

Ni mimi nesi wenu.